Pumzi Inaishia Wapi? Maswali Yenu Kuhusu Mitokondria

Tangu nilipoandika katika safu hii kwamba hewa tunayovuta haiishii mapafuni, maswali yameingia kutoka Unguja na Pemba, na karibu yote yanarudi kwenye kitu kimoja: mitokondria, vijisehemu vidogo vilivyomo ndani ya seli zetu. Nimeyachagua haya na kuyafupisha bila ya kugusa maana yake.

Mwalimu, kila mtihani naandika kwamba mitokondria ni "kiwanda cha nishati cha seli" na napata alama yangu. Lakini sijui hasa humo ndani kinafanyika nini. (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Chake Chake)

Umenifurahisha sana kuuliza, maana sentensi hiyo imewapa alama watoto wengi bila ya kuwafundisha kitu. Tuifuate safari tangu mwanzo.

Umekula boflo na chai kabla ya kwenda skuli. Wanga wa boflo unameng'enywa tumboni, unakuwa glukosi, unaingia kwenye damu na kufika kwenye seli. Glukosi inakatwa vipande viwili kwanza nje ya mitokondria, kwenye ute wa seli, na kazi hiyo inaipa seli faida ya molekuli 2 tu za ATP. ATP ndiyo inayotumika misuli inapokaza, neva zinapopeleka taarifa na seli inapojenga protini. Mbili ni chache mno. Sehemu kubwa ya nishati bado imo ndani ya vile vipande.

Vipande hivyo ndivyo vinavyoingia kwenye mitokondria. Humo vinavunjwa hatua kwa hatua katika mzunguko ambao Hans Krebs aliueleza mwaka 1937. Kaboni yake inatoka ikiwa kabonidayoksaidi, na hiyo ndiyo unayoitoa puani hivi sasa unaposoma. Elektroni zake, ambazo zina nishati nyingi, zinakabidhiwa kwenye mlolongo wa protini zilizojipanga katika utando wa ndani wa mitokondria.

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotea, kwa hiyo twende taratibu. Elektroni zinapopokezanwa kutoka protini moja hadi nyingine, nishati yake inatumika kusukuma protoni kutoka ndani ya utando kwenda upande wa pili. Fikiria nyumba yenye kisima uani na tangi juu ya paa: pampu inapandisha maji, na maji yakifunguliwa yanashuka kwa nguvu. Protoni zilizorundikana upande wa nje nazo zinataka kurudi ndani, na njia yao kubwa ni kupitia protini inayoitwa ATP sinthesi. Sehemu ya protini hiyo inazunguka kwelikweli, na kila mzunguko mmoja unatoa ATP 3. Mwingereza Peter Mitchell alipolitoa wazo hili mwaka 1961 wataalamu wengi walimpinga, na ubishi uliendelea kwa miaka mingi. Mwaka 1978 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Mwaka 1997 Paul Boyer na John Walker nao walikuwa miongoni mwa waliotunukiwa, kwa kueleza namna protini hiyo inavyofanya kazi.

Na oksijeni? Inasubiri mwisho wa mlolongo. Elektroni zikishatoa nishati yake zinapokewa na oksijeni, inaungana na protoni, yanapatikana maji. Karibu oksijeni yote unayovuta inakwenda kufanya kazi hiyo moja. Ikikosekana, elektroni hazina pa kwenda, mlolongo unasimama, protoni hazisukumwi, ATP haiundwi. Wala hakuna akiba ya kutegemea: ATP iliyomo mwilini kwa wakati mmoja haifiki nusu kilo, na kwa siku moja mtu mzima anaunda na kuvunja kiasi kinachokaribia uzito wa mwili wake, ileile ikirudiwa tena na tena. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa siku nyingi bila ya kula, lakini ubongo ukikosa hewa unaanza kuharibika ndani ya dakika chache.

Nauza samaki Malindi. Wateja wananiuliza kwa nini jodari ana nyama nyekundu na changu nyeupe. Mwanangu anasema ni mitokondria. Ni kweli? (Mchuuzi, Unguja)

Mwanao kasema kweli, ila hakumaliza. Siku ukimkata jodari kwa upana, itazame sura ya kile kipande kabla hujakipima. Kila upande, kuelekea uti wa mgongo, kuna sehemu iliyoiva wekundu hadi inakaribia rangi ya ini, na inatoa damu kuliko nyama nyingine. Misuli hiyo ndiyo inayomwogelesha usiku na mchana. Jodari hana pumziko: akiacha kuogelea, maji hayapiti vya kutosha mashavuni mwake na anakosa oksijeni.

Misuli isiyopumzika inataka ATP isiyokatika. Kwa hiyo seli zake zimejaa mitokondria, zimezungukwa na mishipa myembamba ya damu, na zina mayoglobini nyingi, protini yenye madini ya chuma inayoishika oksijeni na kuiweka karibu. Wekundu wenyewe unatoka hasa kwenye mayoglobini, na mitokondria zinaongezea kidogo kwa protini zake zenye chuma. Kuna jambo jingine ambalo mimi hulistaajabia kila nikilisoma: joto linalozalishwa na misuli hiyo halipotei lote baharini. Mishipa ya damu ya jodari imepangwa kwa namna inayolirudisha ndani, kwa hiyo katikati ya mwili wake mna joto kuliko maji anayoogelea.

Changu anaishi kwenye miamba. Anakwenda polepole, kisha anachomoka ghafla kukimbia au kukamata. Misuli yake myeupe inategemea zaidi ile kazi ya kukata glukosi bila ya oksijeni, nguvu ya haraka inayokwisha haraka.

Sisi nasi tuna tofauti kama hizo mwilini. Seli moja ya ini ina mitokondria kama 1,000 hadi 2,000, na katika seli za moyo mitokondria zinachukua karibu theluthi ya nafasi yote. Chembe nyekundu za damu zilizokomaa hazina hata moja. Zinabeba oksijeni ya mwili mzima, na zenyewe haziitumii.

Mbuzi wangu aliingia shambani akala majani na maganda ya muhogo mchungu. Alianza kuhema, akaanguka, akafa kabla ya Alasiri. Jirani anasema ile sumu inaua mitokondria. (Mfugaji, Konde, Pemba)

Pole sana kwa hasara hiyo. Jirani yako yuko karibu na ukweli, na naomba jibu hili lisomwe na kila mwenye kupika muhogo.

Ndani ya muhogo sumu haikai ikiwa tayari. Seli zake zina linamarini, kitu kilichoifunga sianidi ndani yake, na mahali pengine mbali na hiyo kuna kimeng'enya cha kuivunja. Havikutani mpaka kitu kiziharibu seli: meno ya mbuzi, kisu, au mchi. Vikikutana, inatoka sianidi. Kwa mbuzi na ng'ombe bakteria wa tumboni wanazidisha kazi hiyo, ndiyo maana wanaumia upesi.

Sianidi inaingia kwenye mitokondria na kunasa katika protini ya mwisho ya ule mlolongo, ileile inayozikabidhi elektroni kwa oksijeni. Mnyama anavuta hewa, damu inaibeba oksijeni, oksijeni imejaa tele, na seli zinashindwa kuitumia. Hata damu inayorudi moyoni, ambayo kwa kawaida ni nyeusi kidogo, inaweza kuonekana nyekundu ya kung'ara, kwa kuwa oksijeni imerudi nayo bila ya kuguswa.

Basi mbona tunakula kisamvu na tunaamka salama? Kwa sababu ya kinu. Kutwanga kunazivunja seli na kuitoa sianidi, na sianidi inachemka kwenye nyuzi joto kama 26 tu, kwa hiyo hewa ya mchana ya kwetu inaanza kuipeperusha kabla hujawasha moto. Twanga mpaka kilainike sawasawa, kiache kidogo, kisha ukichemshe bila ya kifuniko na kwa nafasi, ndipo utie tui. Wanaokatakata majani kwa kisu na kuyatia sufuriani kwa haraka wanaacha hatua iliyo muhimu kuliko zote.

Muhogo mchungu wenyewe haufai kumenywa na kuchemshwa vipande vikubwa kama muhogo mtamu. Moto unakiua kile kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, na linamarini inabaki ndani. Uroweke siku tatu au zaidi, au ukune na kuukamua, kisha uanike mpaka ukauke. Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo yameweka kiwango cha sianidi kisichozidi miligramu 10 kwa kilo ya unga.

Na kitoweo si anasa. Mitokondria zina kimeng'enya chao cha kujikinga, rodanesi, kinachoiunganisha sianidi na salfa na kuifanya itoke kwenye mkojo ikiwa haina madhara makubwa. Salfa hiyo tunaipata kwenye protini: dagaa, samaki, kunde, mayai. Maeneo yaliyopigwa na ukame, Tanzania Bara, Msumbiji na Kongo, watu waliokula muhogo mchungu usiotayarishwa vyema kwa wiki nyingi bila ya kitoweo waliwahi kupata konzo, ugonjwa unaopooza miguu na haurudi nyuma. Mtu akila muhogo kisha akapata kizunguzungu, kutapika na kuhema, apelekwe hospitali saa ileile. Maziwa hayatibu sianidi.

Mwanangu ana udhaifu wa misuli na daktari ametaja mitokondria. Mawifi zangu wamesikia kwamba mitokondria hurithiwa kwa mama tu, sasa wanasema nimemletea ndugu yao maradhi. (Mama, Wete)

Dada yangu, waonyeshe mawifi zako jibu hili.

Ni kweli kwamba mitokondria zina DNA yao wenyewe na kwamba mtoto anaipata kwa mama. Yai linabeba nakala zaidi ya laki moja. Mbegu ya kiume ina chache, na yai linaziharibu zikishaingia. Lakini DNA hiyo ina jeni 37 tu, na kati ya hizo ni 13 zinazotoa protini. Mitokondria inahitaji protini zaidi ya 1,000. Zote zilizobaki maelekezo yake yamo kwenye kiini cha seli, katika jeni zinazotoka kwa baba na kwa mama. Kwa watoto wengi wenye maradhi haya kasoro iko huko kwenye kiini, na mara nyingi wazazi wote wawili wamebeba nakala moja yenye kasoro huku wenyewe wazima kabisa. Kwa hiyo anayekunyooshea kidole hajui anachokisema. Na hata kasoro ikikutwa kwenye DNA ya upande wako, hukuichagua wala hukuisababisha.

Mwulize daktari: kasoro iko kwenye DNA ya mitokondria au ya kiini? Ikiwa ni ya kiini na nyote wawili mmeibeba, kila mimba ina uwezekano wa robo wa mtoto kupata maradhi. Ikiwa ni ya mitokondria, hesabu ni nyingine, kwa kuwa mama anaweza kuwa na mchanganyiko wa nzima na mbovu na kila mtoto akapata kiasi chake. Jambo la pili: kila anayemwandikia mwanao dawa aelezwe kuhusu maradhi haya kwanza, hasa ikiwa ni dawa ya kifafa. Valproati huweza kuharibu ini vibaya kwa wenye baadhi ya kasoro za mitokondria.

Uingereza iliruhusu kisheria mwaka 2015 njia ya kukihamisha kiini cha yai la mama kwenye yai la mwanamke mwingine lenye mitokondria nzima. Mwaka 2025 watafiti wa huko walitangaza kwamba watoto 8 wamezaliwa kwa njia hiyo.

Nimesikia kwamba nasaba ya Waswahili imesomwa kwa mitokondria. Inawezekanaje? (Msomaji, Mji Mkongwe)

Inawezekana kwa sababu hiyohiyo ya kurithiwa kwa mama. DNA hii inapita kutoka kwa bibi kwenda kwa mama, kwa binti, karibu bila ya kuchanganyika, na mabadiliko madogo yanayojitokeza njiani yanabaki yakionekana. Na kwa kuwa kila seli ina nakala nyingi, inapatikana hata kwenye mifupa ya zamani sana. Mwaka 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson waliilinganisha DNA ya mitokondria ya watu wa sehemu mbalimbali za dunia, wakaonyesha kwamba njia zote zinarudi kwa mwanamke mmoja aliyeishi Afrika miaka kama 200,000 iliyopita. Hakuwa mwanamke pekee wa zama zake. Wengine waliishi naye, ila njia zao za mama-kwa-binti zimekatika.

Kuhusu sisi watu wa pwani, utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulisoma DNA ya watu 80 wa zamani. Wengi wao walizikwa katika miji ya mwambao kama Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara, kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. DNA ya mitokondria, yaani upande wa kina mama, ilikuwa kwa sehemu kubwa sana ya Kiafrika. Kromosomu Y, ya upande wa baba, kwa wengi ilielekea Asia, na Uajemi hasa. Kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000.

Mimi naona hili ni jambo zito kwetu. Nasaba tunazosomewa majumbani zinataja fulani bin fulani bin fulani mpaka ng'ambo ya bahari, na wanawake waliowazaa hao wote hawamo. Walikuwa watu wa hapahapa, na wamebaki ndani ya seli zetu.

Lakini usichukue zaidi ya kilichomo. Ukirudi vizazi kumi nyuma una nafasi 1,024 za mababu na mabibi, na mitokondria inakueleza habari ya mmoja tu kati yao.

Babu ananikataza kulala chini ya mwembe usiku, anasema mti unanyonya hewa. (Kijana, Makunduchi)

Babu ana asili ya kweli. Mti una mitokondria kama wewe, na mwani unaolimwa Paje vilevile. Mchana majani yanatoa oksijeni nyingi kuliko inayotumika, na usiku inabaki kazi ya mitokondria peke yake, kuvuta oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi. Ila kiasi hicho ni kidogo na uwanja una hewa tele, hakiwezi kumdhuru mtu. Kinachoua ni jiko la mkaa lililoachwa likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi yake, kabonimonoksaidi, inashikana na himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, haina harufu, na mtu anazimika usingizini. Mwambie babu aliongeze hilo katika makatazo yake.

Mimi ni mchumaji wa karafuu. Ramadhani, ikifika saa tisa mchana, mitokondria zangu zinakula nini? (Msomaji, Mkoani)

Saa za mwanzo baada ya daku zinatumia glukosi ya kile ulichokula. Kikiisha, ini linaachia akiba yake ya wanga, ambayo kwa mtu aliyekula vizuri inaweza kufika karibu siku nzima, lakini kwa anayepanda na kushuka mkarafuu inapungua mapema. Kadiri mchana unavyosonga, misuli yako inahamia kwenye mafuta. Mafuta yanaingia kwenye mitokondria na kukatwa kaboni mbili mbili, na hapo hakuna njia ya mkato: hayachomwi bila ya oksijeni. Ndiyo maana mwendo wa taratibu unawezekana na kukimbia kunakuchosha mara moja. Ini pia linaanza kuandaa ketoni kutokana na mafuta hayo, ambazo ubongo unaweza kuzitumia. Chembe nyekundu, kwa kuwa hazina mitokondria, zinabaki kudai glukosi, na ini linazitengenezea.

Kwetu, karibu na ikweta, saumu ni zaidi kidogo ya saa 13 mwaka wowote, na mwili mzima una mafuta ya kutosha kuivuka. Kinachokuangusha juu ya mti ni maji, ambayo hayana akiba. Wenye kisukari wazungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Kuna vidonge vinatangazwa kwenye simu, eti vya kuamsha mitokondria. Ninunue? (Msomaji, Fuoni)

Usinunue. Mara nyingi kilichomo ni koenzaimu Q10, ambayo mwili wako unajitengenezea. Madaktari huwapa baadhi ya wagonjwa maalumu, na hilo ni suala la daktari. Kwa mtu mzima wa afya, kinachoongeza mitokondria kwa uhakika ni kuitaabisha misuli mara kwa mara. John Holloszy alilionyesha mwaka 1967 kwa panya waliokimbizwa: uwezo wa mitokondria za misuli yao ulipanda karibu mara mbili. Tembea, endesha baiskeli, ogelea, na uendelee, maana ukiacha zinapungua tena.

Kitabu changu kinasema glukosi moja inatoa ATP 38, mwalimu anasema 32. Nijibu ipi? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Unguja)

Namba 36 na 38 zilipatikana kwa kuhesabu ATP 3 kwa kila NADH na 2 kwa kila FADH2, molekuli zinazozibeba elektroni kuzipeleka kwenye ule mlolongo. Vipimo vya baadaye vimeonyesha kwamba ni karibu 2.5 na 1.5, kwa sababu baadhi ya protoni zinatumika kusafirisha vitu kuvuka utando. Zingine zinavuja na nishati yake inakuwa joto. Kwa hiyo jumla ni 30 au 32, kutegemea njia ambayo elektroni za zile NADH mbili zinazoundwa nje, glukosi inapokatwa, zinaingilia kwenye mitokondria.

Mfuate mwalimu wako, na usiiache namba peke yake kwenye karatasi. Andika na hesabu: NADH 10 mara 2.5 ni 25, FADH2 mbili mara 1.5 ni 3, na ATP 4 zinazoundwa moja kwa moja bila ya kupitia mlolongo. Msahihishaji akiwa na 38 kichwani ataona umeipata wapi 32.